Picha za maumivu yetu zitundikwe wapi?

Mpenzi msomaji, ukimwambia jirani yako wa Umoja au Buruburu kwamba Jumapili hii unawapeleka watoto kutazama maonyesho ya sanaa, yaelekea atakutazama kwa jicho la huruma. Kwa wengi wetu, mahali pa kuwapeleka watoto siku ya mapumziko ni Uhuru Park, ni mbuga ya wanyama kwa wenye nazo, au ni kwa nyanya yao mashambani. Maonyesho ya picha tumewaachia watalii na wale jamaa wa Karen na Muthaiga ambao, ati, ndio wenye kuta za kutundikia.

Nami sikulaumu. Kwa miaka mingi picha zilizouzwa kwa wingi mjini Nairobi zilikuwa za twiga, machweo ya jua na Mmaasai aliyesimama kwa mguu mmoja. Zilichorwa kwa ajili ya mnunuzi mwenye ndege ya kupanda Jumatatu. Zilimfaa mchoraji, maana alilipia kodi ya nyumba, lakini hazikuwa na neno la kumwambia mama anayeuza sukuma wiki. Leo ningependa tuzungumzie maonyesho ya aina nyingine, yale yanayochukua jambo linaloiuma jamii na kuliweka mbele ya macho ya watu. Swali langu si kama picha hizo zinapendeza. Swali ni kwamba, zitundikwe wapi, na mbele ya nani?

Turudi nyuma kidogo. Mwisho wa Desemba 2007, baada ya matokeo ya kura ya urais kutangazwa, nchi hii iliwaka moto. Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Kufikia tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotia sahihi mkataba wa maelewano mbele ya Kofi Annan, damu nyingi ilikuwa imekwisha kumwagika. Tume ya Jaji Philip Waki baadaye iliwahesabu waliouawa kuwa 1,133. Mamia ya maelfu ya wengine walikuwa wakilala makanisani, kwenye vituo vya polisi na katika viwanja vya maonyesho ya kilimo.

Wapiga picha wa magazeti walikuwa wameyaona hayo yote kwa macho yao. Lakini gazeti lina mipaka yake. Mhariri haweki picha ya maiti mbele ya familia inayokunywa chai, na tena huhofia kwamba picha ya leo itakuwa kiberiti cha kesho. Hivyo basi, kuna mengi waliyoyapiga ambayo mimi na wewe hatukuyaona.

Kituo cha sanaa cha GoDown, kilichoanzishwa mwaka wa 2003 katika ghala la zamani eneo la viwandani jijini Nairobi, kilikusanya picha za ghasia hizo na kuandaa maonyesho mwaka huo huo wa 2008. Yaliitwa Kenya Burning, na mwaka uliofuata yakatolewa yakiwa kitabu. Lilikuwa jambo la ujasiri, maana vidonda vilikuwa bado vibichi. Lakini hebu fikiri nami, msomaji. Ni nani anayeshuka Dunga Road, kati ya magari ya mizigo na moshi wa viwanda, kwenda kutazama picha? Ni mwanafunzi wa chuo, ni mwandishi wa habari, ni mfanyakazi wa shirika lisilo la serikali. Sidhani kama kijana aliyeshika panga alifika pale. Na mama aliyechomewa kibanda chake, hata kama angependa, nauli angeitoa wapi?

Mwaka wa 2009 Boniface Mwangi, ambaye wakati wa ghasia alikuwa mpiga picha wa gazeti la The Standard, alishika njia tofauti. Hakutafuta ukumbi. Yeye na vijana wenzake walizichapisha picha zikawa kubwa, wakazisimamisha barabarani katikati ya mji, watu wazione bila kiingilio na bila kuulizwa na bawabu wanakwenda wapi. Mradi wenyewe wakauita Picha Mtaani, jina lisilohitaji kamusi. Kutoka Nairobi, picha hizo zikasafirishwa hadi miji mingine ya Kenya.

Fikiria tofauti iliyopo. Mtu anayekwenda ukumbini amejiandaa. Ameoga, amevaa, na moyo wake ameufunga vifungo. Lakini mtu aliyekuwa akienda zake kupanda matatu, mkononi ana unga na mafuta ya kupikia, anasimamishwa na picha asiyoitarajia. Nyumba inateketea. Kijana wa umri wa mwanawe anakimbia akiwa na upinde. Wengi walisimama, na wako waliotokwa na machozi hadharani, jambo ambalo mwanamume wa Kenya halifanyi kwa urahisi.

Na kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi. Gazeti hulisoma peke yako, ukiwa na wenzako wa nyumbani, na ni rahisi kusema, "Tazama walivyotufanya wale." Barabarani hujui aliyesimama ubavuni mwako ni wa kabila gani. Huenda ni mmoja wa hao "wale." Yeye naye anatazama picha ile ile, naye anapumua kwa shida kama wewe. Midomo inakuwa mizito kutamka lile neno.

Najua kuna msomaji atakayeniambia kwamba wahenga walinena yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa nini basi kufukua? Methali hiyo naiheshimu, lakini tumeifanya blanketi la kufunikia kila kitu. Kwani yajayo utayagangaje kama hujui ugonjwa ulikuwa gani? Mtoto aliyezaliwa Januari 2008, huku mama yake pengine akisikia milio ya risasi kutoka kitandani, mwaka 2027 atakuwa na umri wa miaka 19 na haki ya kupiga kura. Yeye hana kumbukumbu yoyote ya siku zile. Anachokijua ni masimulizi ya nyumbani, na masimulizi ya nyumbani, tuseme ukweli, huwa na upande. Sisi huwa ndio tulioonewa. Picha haina adabu hiyo. Inaonyesha na kijana wetu akiwa na jiwe mkononi.

Hata hivyo, sitaki nionekane kama ninayeshangilia tu. Barabara ina ubaya wake. Mjane anayekwenda kununua dawa hawezi kuchagua asione. Je, akikutana ghafla na mwili wa mumewe, umechapishwa ukubwa wa mlango, mbele ya wachuuzi wa njugu? Hapo sanaa imemsaidia nani? Maoni yangu ni kwamba picha za moto, za foleni za chakula, za watu wakibeba magodoro, hizo zisimame barabarani zionwe na kila mpita njia. Zile za maiti na majeraha ziwekwe kando, ndani ya hema, na mlangoni awepo mtu wa kumwonya anayeingia, na mwingine wa kuzungumza na anayetoka akitetemeka. Na yule aliyepigwa picha, kama yu hai, atafutwe na aulizwe. Uso wake ni mali yake hata kama kamera ni ya mwingine.

Wala usidhani kwamba wazo la kuwapelekea wenye msiba picha pale walipo ni geni. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea sanaa Makerere, alichora picha tano kubwa ukutani katika kanisa la Anglikana la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Yesu wa picha zile ni Mwafrika, na nchi anayotembea ni vilima vya huko huko. Waliokaa kwenye benchi zile walikuwa na jamaa zao waliokufa upande huu au ule. Ni Njau huyo huyo aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka wa 1965.

Sasa twende Kibera. Siku za ghasia zile, wengine walipokuwa wakiandika matusi ukutani, mchoraji Solomon Muyundo, anayejulikana zaidi kwa jina la Solo7, alichukua rangi na brashi akawa anaandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta za mabati, kwenye vioski na milangoni mwa watu. Hakuna ukumbi, hakuna kadi ya mwaliko. Kitambo kidogo ikawa huwezi kupita Kibera bila kukutana na mwandiko wake. Mtu atauliza, hiyo nayo ni maonyesho? Mimi nasema ndiyo, tena yalikuwa wazi usiku na mchana.

Kibera hiyo hiyo, Januari 2008, vijana wenye hasira waling'oa reli inayokwenda Uganda. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2009, reli ikiwa imekwisha kurudishwa, Mfaransa mmoja anayejiita JR alifika na picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa Kibera. Alizibandika juu ya paa, jumla ya mita 2,000 za mraba, kiasi kwamba mtu aliye juu angeona mtaa mzima ukimkodolea macho. Behewa za gari la moshi nazo zilibandikwa macho ya akina mama. Kwenye mteremko ulio chini ya reli ziliwekwa pua na midomo yao, juu ya mabati. Kila treni ilipopita, kwa nukta moja tu, macho yalikutana na midomo na uso ukakamilika.

Nikiri kwamba mimi huwa na wasiwasi na wageni wanaokuja Kibera na kamera. Tumewaona wengi. Huja, hupiga, huenda, na mwaka ujao picha ya mtoto mwenye kamasi inauza kitabu huko Ulaya. Lakini hapa kuna jambo moja lililonifanya nitulize moyo. Picha zile za paa hazikuwa za karatasi. Zilichapishwa kwenye kitambaa kisichopitisha maji, na wengi wa wanawake hao walipewa picha zao ziwe juu ya nyumba zao wenyewe. Msimu wa mvua ulipowadia, picha ilikuwa kinga ya mabati yaliyotoboka. Mama mwenye nyumba huenda hakujali hata kidogo wakosoaji wa sanaa wa Paris walisema nini. Alijua kwamba godoro lake halikulowa.

Ukilinganisha hayo na michoro ya mwaka wa 2012, utaona kitu. Mwaka huo Boniface Mwangi na wachoraji wa kuta walichora katikati ya Nairobi mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi, suti imemkaa sawasawa. Umati ulijaa, kila mtu akacheka na kupiga picha. Ilikuwa kazi yenye nguvu, na wachoraji wale hawakuwa waoga. Lakini nina shaka kidogo. Picha ya tumbusi hutuacha sisi wote tukiwa safi. Mbaya ni yule mwenye suti. Mimi na wewe ni mizoga tu inayodonolewa. Picha ya kijana mwenye panga haikupi raha hiyo, kwa sababu huenda unamjua mama yake. Ndiyo maana naona zile za 2009 zilifanya kazi nzito zaidi, hata kama hakuna aliyecheka.

Si kila tatizo la jamii lina damu ndani yake. Mengine tumeyavaa. Msomaji wangu, hebu jitazame ulipo sasa hivi. Shati hilo, au ile rinda ya binti yako, si ajabu ilitoka Gikomba au Toi. Wasanii wa kundi la The Nest Collective la Nairobi walialikwa mwaka 2022 katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, ambayo hufanywa kila baada ya miaka mitano na kuendelea kwa siku 100. Hawakupeleka kinyago wala picha ya twiga. Walijenga nyumba kwa marobota ya mitumba, wakaisimamisha kwenye uwanja wa nyasi mbele ya jumba la kale la Orangerie, na ndani yake wakaonyesha filamu ya watu wakieleza biashara hii inavyokwenda. Kazi hiyo waliiita Return to Sender, yaani irudi kwa aliyeituma.

Aliyewahi kufungua robota anajua maana yake. Unalipa pesa bila kuona ndani. Ukibahatika, unapata nguo za kuuza kwa bei nzuri. Usipobahatika, unakuta koti lisilo na mkono na soksi zisizo na jozi, na hizo mwisho wake ni jaa la Dandora au mto. Mzungu wa Kassel aliyempa mtu wa kanisa nguo zake kuukuu alidhani ametoa sadaka. Pale bustanini akaonyeshwa safari iliyobaki.

Hapa, tofauti na Picha Mtaani, naona ugenini ndiko mahali palipofaa, kwa kuwa ujumbe ulikuwa wa aliyetuma. Lakini nusu nyingine ya hadithi iko kwetu. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru kwa bidhaa zetu; Kenya ikarudi nyuma mwaka 2017, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Yule mama wa Gikomba anayesomesha watoto watatu kwa pesa za mitumba angeitazama nyumba ile ya marobota na kuuliza, "Sasa mkiyarudisha yote, mimi nile nini?" Swali hilo lingefaa kuulizwa mbele ya kazi yenyewe. Ningependa siku moja nyumba kama ile ijengwe Gikomba, hata kama ni kwa siku tatu.

Wasanii hao hao, wakishirikiana na kundi la SHIFT, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na makumbusho mawili ya Ujerumani, walikuwa wamefanya kinyume chake mwaka 2021. Katika jumba la makumbusho la Nairobi waliweka makabati ya vioo yakiwa matupu. Walikuwa wameorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo. Hebu tafakari juu ya ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maafisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo imo katika British Museum, London. Mpokomo wa leo anaijua kwa kuhadithiwa tu. Kabati tupu, kwa mtoto wa shule, ni somo linaloeleweka upesi kuliko kurasa kumi za historia. Atauliza mara moja, "Kimeenda wapi?"

Na sasa wazazi, neno juu ya watoto. Wengi huwaongoza watoto mbio mbio kutoka picha hii hadi ile wakiwasomea kibandiko. Acha. Simama mbele ya picha moja, umuulize mtoto anaona nini, kisha nyamaza. Ataona vitu ambavyo wewe hukuviona: mbwa aliye nyuma, kiatu kimoja, dirisha lililofunguliwa. Halafu muulize ni nani hayumo kwenye picha lakini alikuwepo. Kwa maoni yangu, picha za vita na maiti zingoje mpaka mtoto afike sekondari, na hata hapo uzitazame wewe kwanza. Ikiwa ni picha za 2008, ujiandae pia kwa swali ambalo halina budi kuja, yaani wewe baba, au wewe mama, ulikuwa wapi siku hizo na ulifanya nini. Usimjibu kwa mkato.

Nanyi wanafunzi, msiogope malango. Mkifika kwenye ukumbi wowote wa sanaa, ulizeni kama kuna kiingilio na kama mwanafunzi hupunguziwa. Mara nyingi msanii mwenyewe huwepo siku ya ufunguzi, na wengi hupenda kuulizwa maswali na mtu asiyetaka kununua kitu. Muulize picha hii ilionyeshwa wapi kabla ya hapa, na wale waliomo waliiona au la. Jibu lake litakufahamisha mengi kuliko maandishi yaliyo ukutani.

Jumapili ijayo tutageukia vibonzo vya magazetini na wale wanaovichora, hasa jinsi wanavyojua pa kukomea. Mwenye kumbukumbu ya kibonzo kilichomkera au kumfurahisha, aniandikie mapema.